Ishirō Honda, Godzilla na urani ya Shinkolobwe

Katika historia ya sinema ya karne ya 20, Mjapani Ishirō Honda (1911–1993), mwongozaji na mwandishi wa miswada ya filamu aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake katika studio ya Toho mjini Tokyo, anakumbukwa hasa kwa filamu za kaiju, yaani filamu ambazo ndani yake dubwana kubwa kuliko majengo hutoka baharini, angani au chini ya ardhi na kuangamiza miji. Wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani walizichukulia filamu hizo kwa muda mrefu kuwa burudani ya watoto, na hadi leo wapo wanaomtaja mtu huyu kana kwamba alikuwa fundi wa mizaha tu. Msomaji wa Kolwezi, wa Likasi au wa Lubumbashi ana sababu ya kumtazama kwa makini zaidi, kwa kuwa bomu la Hiroshima, ambalo bila hilo filamu yake mashuhuri kuliko zote, Godzilla ya mwaka 1954, isingeweza kuandikwa, lilitengenezwa kwa kiasi kikubwa kutokana na urani iliyochimbwa Katanga, kusini mwa Kongo, mwendo wa kilomita zisizofika 200 kutoka komini ya Dilala mjini Kolwezi.

Urani ni metali nzito inayotoa mionzi, yaani nguvu isiyoonekana kwa macho ambayo hupenya mwilini na kuharibu chembe hai, na aina yake moja iliyo adimu, viini vya atomu zake vikipasuliwa kwa mfululizo, hutoa joto na mlipuko ambao baruti haiukaribii hata kidogo. Katika eneo la Shinkolobwe, kilomita 20 hivi magharibi ya Likasi, mji ambao wakati huo uliitwa Jadotville, metali hiyo iligunduliwa mwaka 1915 na mjiolojia Robert Rich Sharp wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na kuanzia mwaka 1921 mawe yake yalichimbwa kwa ajili ya radiamu, metali nyingine iliyotumiwa na madaktari kutibu saratani. Urani yenyewe haikuwa na soko kubwa, na mgodi ukafungwa mwaka 1937. Kilichoutofautisha mgodi huo na mingine yote duniani ni utajiri wa mawe yake, ambayo kwa wastani yalikuwa na asilimia 65 ya oksidi ya urani, ilhali machimbo mengi ya nchi nyingine hayakufikisha hata asilimia 1.

Mwaka 1940, Ujerumani ilipokwisha kuivamia Ubelgiji, mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, aliagiza zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo zipelekwe New York kupitia bandari ya Lobito huko Angola, kwa reli inayotoka Tenke kwenda Dilolo na kukatiza Kolwezi, njia ileile ambayo siku hizi husifiwa katika mikutano ya wawekezaji kwa jina la Ushoroba wa Lobito. Mawe hayo yalikaa katika ghala la Staten Island hadi Septemba 1942, ndipo Kanali Kenneth Nichols, akiuwakilisha Mradi wa Manhattan, yaani mpango wa siri wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki, alipoyanunua yote. Baada ya hapo wahandisi wa jeshi la Marekani waliufungua upya mgodi uliokuwa umejaa maji, na mzigo ukabadilishiwa njia: treni hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, kisha mashua za mtoni hadi Léopoldville, kisha bandari ya Matadi. Jina la Shinkolobwe liliondolewa kwenye ramani. Wachimbaji walioyachambua mawe hayo kwa mikono na kuyatia magunia hawakuelezwa yanakwenda kufanya nini, wala hatari yake miilini mwao haikuwa jambo la kujadiliwa nao. Kwa makadirio yanayokubaliwa na wengi, karibu theluthi mbili za urani ya mradi mzima ilitoka Kongo. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lenye kilo 64 hivi za urani lililipuliwa juu ya Hiroshima, na kufikia mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa.

Honda wakati huo alikuwa askari nchini China. Alikuwa amezaliwa tarehe 7 Mei 1911 katika kijiji cha Asahi, mkoa wa Yamagata, sehemu ya milima kaskazini mwa Japani, mtoto wa kasisi wa Kibudha aliyesimamia hekalu, na alipokuwa na umri wa miaka 10 familia ilihamia Tokyo, ambako kijana huyo alivutiwa na sinema za kimya. Katika kumbi za Japani filamu hizo zilikuwa na benshi, msimulizi aliyesimama kando ya pazia na kuwasemea wahusika wote, kazi inayofanana sana na ile ambayo watazamaji wa Afrika Mashariki walikuja kuizoea kwa akina Lufufu wa Tanzania na VJ Jingo wa Uganda, na inasemekana mvulana Honda alimtazama msimulizi kuliko picha. Alisomea sinema katika Chuo Kikuu cha Nihon, akaajiriwa mwaka 1933 na studio ambayo miaka minne baadaye iligeuka kuwa Toho, akawa mwanafunzi wa mwongozaji Kajirō Yamamoto pamoja na kijana mwingine, Akira Kurosawa, aliyekuwa rafiki yake hadi kufa. Kisha jeshi likamchukua. Aliitwa mara tatu kati ya mwaka 1935 na mwisho wa vita, akatumia karibu miaka sita ugenini Manchuria na China, huku wenzake, Kurosawa akiwemo, wakipanda vyeo na kuanza kuongoza filamu zao wenyewe.

Aliporudishwa nyumbani mnamo Machi 1946, treni yake ilipita Hiroshima, naye akayaona kwa macho mabaki ya mji. Alikuja na ganda la kombora lililomwangukia karibu vitani bila kulipuka, akaliweka juu ya meza yake ya kazi na kulitunza kwa maisha yake yote. Katika mwaka huohuo wa 1946 serikali ya Marekani ilimtunukia Sengier nishani ya Medal for Merit, heshima ya juu kwa raia asiye askari. Hakuna mchimbaji wa Shinkolobwe aliyetunukiwa kitu, na katika simulizi hii yote huo ndio upungufu unaouma zaidi, kwani mwenye ghala na aliyebomolewa mji wanajulikana kwa majina, na aliyelitoa jiwe ardhini hajulikani.

Honda alianza kuongoza akiwa amechelewa. Baada ya kuwa msaidizi mkuu wa Kurosawa katika Stray Dog ya mwaka 1949, alitengeneza filamu fupi za hali halisi, kisha mwaka 1951 akaandika na kuongoza filamu yake ndefu ya kwanza, The Blue Pearl, juu ya wanawake wanaozamia lulu, akipeleka kamera chini ya bahari wakati ambapo waongozaji wachache wa Japani walikuwa wamethubutu kufanya hivyo. Mwaka 1953 alifanya kazi na Eiji Tsuburaya, bingwa wa tokusatsu, yaani ufundi wa picha za kuigiza maafa kwa vielelezo vidogo vya miji, maji, moto na mavazi maalumu. Mtayarishaji Tomoyuki Tanaka aliwaunganisha tena mwaka uliofuata kwa ajili ya Godzilla.

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua katika visiwa vya Bikini bomu la haidrojeni lenye nguvu ya mara 1,000 hivi ya lile la Hiroshima, na majivu yake yakaiangukia mashua ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryū Maru, iliyokuwa na watu 23. Mmoja wao, mwendesha redio Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba, filamu ikiwa bado inapigwa. Mswada, ulioandikwa na Honda pamoja na Takeo Murata kutokana na hadithi ya Shigeru Kayama, unaanza kwa mashua inayoteketea ghafla baharini baada ya mwanga mkali, na mtazamaji wa Japani wa mwaka huo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Dubwana Godzilla, mnyama wa kale aliyeamshwa na majaribio ya mabomu, anaingia Tokyo usiku na kuichoma moto, na Honda alieleza baadaye kwamba alichukua sifa za bomu la atomiki akazivika mwili huo. Ndani ya vazi lenye uzito wa karibu kilo 100 alikuwamo mwigizaji Haruo Nakajima. Mngurumo wake ulibuniwa na mtunzi wa muziki Akira Ifukube, kwa glavu ya ngozi iliyokwaruzwa juu ya nyuzi za zeze kubwa la besi.

Thamani ya filamu hii, hata hivyo, iko katika yale ambayo mwongozaji asiyeijua vita angeyaruka. Baada ya usiku wa maangamizi Honda anaipeleka kamera hospitalini, inatembea polepole katikati ya majeruhi waliolazwa sakafuni, na daktari anamsogezea mtoto kipimo cha mionzi, kisha anatikisa kichwa. Mama aliyekumbatia watoto wake barabarani anawaambia kwamba karibu watamfuata baba yao. Ndani ya treni abiria wanaongea juu ya samaki walioingiwa na sumu, na mwanamke mmoja anataja jinsi alivyonusurika Nagasaki. Pia kuna onyesho la bungeni, ambalo msomaji wa Katanga anapaswa kulitazama kwa umakini wa pekee: mbunge mmoja anataka habari za asili ya Godzilla zifichwe kwa sababu zitaharibu uhusiano na mataifa ya nje, na wabunge wanawake wanasimama kumpinga wakidai wananchi waambiwe ukweli. Honda aliandika mzozo huo katika miaka ambayo Shinkolobwe yenyewe ilikuwa bado inalindwa kwa siri, na hoja za wafichaji wa Tokyo na za wafichaji wa Jadotville zinafanana kabisa.

Mwanasayansi Serizawa, ambaye peke yake ana silaha ya kumuua dubwana, anakubali kuitumia baada ya kuchoma maandishi yake yote, na anakufa nayo baharini ili asilazimishwe kuitengeneza tena. Filamu, iliyotoka tarehe 3 Novemba 1954, ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 9 nchini Japani. Marekani ilipoipokea mwaka 1956, wasambazaji waliikata, wakaongeza mwandishi wa habari wa Kimarekani aliyeigizwa na Raymond Burr, na wakapunguza sana maneno juu ya bomu, hivi kwamba watazamaji wa kawaida wa huko hawakuiona kazi ya Honda kama alivyoiacha hadi mwaka 2004.

Filamu ambayo mkazi wa Kolwezi angeielewa kwa haraka kuliko hata Godzilla ni Rodan ya mwaka 1956, kaiju ya kwanza ya Toho iliyopigwa kwa rangi, ambayo Honda aliiongoza bila kuandika mswada wake. Inaanzia ndani ya mgodi wa makaa ya mawe katika kisiwa cha Kyushu, karibu na volkano ya Aso. Maji yanafurika shimoni, wachimbaji wawili waliokuwa wamegombana hawaonekani, mmoja anakutwa amekufa kwa majeraha ya kutisha, na jamaa za marehemu wanamhukumu mwenzake kabla hajapatikana, huku dada wa mtuhumiwa akibebeshwa aibu ya familia nzima. Wauaji wa kweli ni wadudu wakubwa wa kale walioamshwa kilindini, na mhandisi Shigeru, akiwa amefukiwa na kifusi, anaona yai kubwa likipasuka na kutoa ndege anayewameza wadudu hao kama punje. Robo ya kwanza ya filamu, kabla ndege hajaruka, ni miongoni mwa picha za kweli kabisa za maisha ya mgodini zilizowahi kuingizwa katika sinema ya maajabu: taa za vichwani, pampu, reli ndogo, wanawake wanaosubiri mlangoni pa shimo bila kuambiwa kitu. Japani iliyajua mambo hayo. Miaka saba baadaye, tarehe 9 Novemba 1963, mlipuko katika mgodi wa Miike, kisiwani humohumo Kyushu, uliwaua watu 458.

Kolwezi nayo inayajua. Mnamo Septemba 1990 sehemu ya kati ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, mali ya kampuni ya taifa ya madini, Gécamines, iliporomoka, na uchumi wa mji haukupona kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2014 katika mtaa wa Kasulo wachimbaji wa mikono, wale ambao mji mzima huwaita creuseurs, wamefuata kobalti hadi chini ya sakafu za nyumba za kulala. Wazo la Honda kwamba ardhi ikichokonolewa bila kipimo hurudisha jibu halihitaji ufafanuzi mrefu mbele ya watu hao.

Miaka ya 1960 ilimpa kazi nyingi kuliko nafasi ya kufikiri. Katika Mothra ya mwaka 1961, mfanyabiashara anawateka wasichana wawili wadogo mno kutoka kisiwa kilichofanyiwa majaribio ya atomiki na kuwaonyesha jukwaani Tokyo kwa viingilio, na Mkongo anayekumbuka kwamba mwaka 1897 watu 267 wa nchi yake walipelekwa Tervuren, Ubelgiji, kuonyeshwa kwa umma, na kwamba 7 kati yao walifia huko, hawezi kuiona hadithi hiyo kuwa ya watoto. Ni haki pia kusema kwamba Honda hakuwa msafi katika jambo hili, kwa sababu wenyeji wa visiwa katika filamu hiyo na katika King Kong vs. Godzilla ya mwaka 1962 ni Wajapani waliopakwa rangi nyeusi mwilini, wakicheza ngoma za kubuni, kosa ambalo huruma yake kwa wanyonge haitoshi kulifuta. Mwaka 1967, katika King Kong Escapes, mwovu wa hadithi anachimba Ncha ya Kaskazini kutafuta madini ya kubuni yenye mionzi ili nchi fulani itengeneze silaha, na roboti aliyeumbwa kwa ajili ya kuchimba anashindwa kwa sababu mionzi ya mwamba inamharibu. Nyingine za kipindi hicho ni nyepesi, zilizopangwa na studio kwa hesabu ya tiketi, na hakuna haja ya kuzitetea zote.

Televisheni ilipowatoa watu katika kumbi za sinema, bajeti za Toho zilipungua, Tsuburaya akafariki mwaka 1970, naye Honda akahamia vipindi vya televisheni kwa muda. Aliongoza filamu yake ya mwisho, Terror of Mechagodzilla, mwaka 1975, kwa mswada wa mwanamke, Yukiko Takayama. Kuanzia Kagemusha, iliyotoka mwaka 1980, Honda alirudi kwa rafiki yake Kurosawa, akawa msaidizi na mshauri wake katika filamu tano mfululizo hadi Madadayo ya mwaka 1993. Mojawapo, Rhapsody in August ya mwaka 1991, inahusu bibi aliyenusurika bomu la Nagasaki, na katika Dreams ya mwaka 1990 kuna askari wafu wanaotoka katika handaki kumwendea kamanda wao, sehemu ambayo ni vigumu kuitazama bila kumfikiria mtu aliyeacha miaka yake sita China. Honda alifariki Tokyo tarehe 28 Februari 1993.

Mrithi wake wa sasa aliye mashuhuri zaidi ni Takashi Yamazaki, mwandishi na mwongozaji wa Godzilla Minus One, iliyotoka Japani tarehe 3 Novemba 2023, siku na mwezi uleule wa Godzilla ya kwanza. Tarehe 10 Machi 2024 filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya picha za maajabu, na usiku huohuo Oppenheimer, inayosimulia kutengenezwa kwa bomu, ilichukua tuzo saba, ikiwemo ya filamu bora. Upande wa walioliunda bomu na upande wa waliopigwa nalo ulisimama jukwaa moja. Shinkolobwe haikuonyeshwa katika filamu yoyote kati ya hizo mbili.

Mgodi wenyewe ulizibwa kwa zege kabla ya uhuru wa mwaka 1960. Wachimbaji wa mikono waliurudia baadaye wakitafuta kobalti, serikali ikaufunga kwa amri ya rais mnamo Januari 2004, na Julai mwaka huohuo sehemu yake ikaporomoka na kuua watu wasiopungua 8. Msanii wa Lubumbashi, Sammy Baloji, ameonyesha kwa picha zake jinsi kumbukumbu za Union Minière zinavyoweza kurejeshwa mbele ya macho ya wenyewe, lakini filamu ndefu ya kubuni inayoanza chini ya shimo la Shinkolobwe, kwa watu waliobeba magunia yale hadi kwenye mabehewa, inastahili kuandikwa na watoto wa ardhi hiyo. Honda alianza na majivu yaliyoangukia mashua moja ya wavuvi, na studio iliyomwamini. Vijana wa komini za Dilala na Manika mjini Kolwezi, na wa Likasi, wanaoshika kamera wana mwanzo wa hadithi hiyohiyo mikononi mwao, na wana Kiswahili cha migodini cha kuisimulia, kwa hiyo waende kwa wazee wa makambi ya zamani ya Union Minière na Gécamines sasa, wakiwa bado wanaweza kuongea, wawarekodi, na waandike mswada.